Siku Tulipoona Mwisho wa Kombe

Mwezi uliopita nilirudi Kasongo kwa harusi ya binti wa shangazi yetu. Kutoka Kabambare, ninakofundisha siku hizi, nilikaa juu ya pikipiki mpaka nikaacha kujua kiuno changu kiko wapi, na nilipofika nilikuwa na vumbi jekundu hadi kwenye kope. Wanawake wa nyumbani walinipa maji ya kuoga, kisha wakanipa kiti kifupi na ungo wa mchele, maana kwetu mgeni wa harusi hapumziki, anachambua mchele. Nilikuwa nimeanza tu kutoa vijiwe pale mtoto wa mdogo wangu aliponijia mbio na simu mkononi. Mama yake alikuwa anamwita aende kuchukua viti kwa jirani, naye alikuwa katikati ya mechi ya mpira kwenye simu ile.

"Mama mukubwa, shika hapa kidogo," akaniambia. "Usiache wanifunge."

Nikashika. Sijui kama umewahi kuona vidole vyako vikikumbuka kitu ambacho kichwa kimekisahau. Vyangu vilikumbuka. Mtoto aliporudi na viti alikuta nimeshafunga bao, na wale wanawake wameacha mchele wananichungulia. Akaniuliza nani alinifundisha. Nikamwambia ni hapa hapa Kasongo, nyumbani kwa nyanya yetu, kabla yeye hajazaliwa. Akacheka, akidhani ninamtania. Mama yake ndiye aliyemwambia kwamba ni kweli, halafu akaanza kutangaza mpira kwa lugha isiyokuwepo, kama alivyokuwa akifanya zamani, mpaka tukashika mbavu.

Basi na wewe, rafiki yangu, kaa nikueleze.

Wazazi wetu walikuwa wakilima upande wa Wamaza, na sisi wawili, mimi na mdogo wangu, tuliwekwa Kasongo kwa nyanya yetu ili tusome. Tulimwita koko, kama watoto wote wa mtaa walivyomwita. Alikuwa mjane wa katekista, mwanamke mfupi mwenye sauti ambayo haikupanda hata alipokasirika. Ilishuka tu, na ikishuka sana ulijua ni wakati wa kuondoka. Nyumba yake ilikuwa ya matofali mabichi na paa la nyasi, yenye chumba cha mbele kikubwa na mabenchi ya zamani yaliyotoka kanisani. Asubuhi tuliamshwa na kinu. Koko alitwanga sombe, majani ya muhogo, mapema, na mawese yalipoanza kupata moto harufu yake ilitufuata mpaka uani. Mdogo wangu alifagia, mimi nilichota maji. Kisima kilikuwa chini bondeni, na njia ya kurudi ilikuwa kupanda mwanzo hadi mwisho, na bidoni, dumu la maji, kichwani. Mvua zikianza, paa lilivuja hata tukaweka sufuria zote sakafuni, na siku ya mvua kubwa koko hakuwa na chungu cha kupikia.

Mdogo wake mama, mjomba wetu, alikuwa Salamabila akichimba dhahabu. Aliondoka akiahidi mabati. Kila aliyepita akitoka kule, koko alimuuliza habari za mabati kwanza, habari za mwanawe baadaye.

Kiangazi kimoja mjomba akarudi. Alikuja nyuma ya pikipiki ya jirani yetu, motari aliyezijua barabara za Kasongo, Kabambare na Salamabila kama wewe unavyoijua njia ya kwenda jikoni kwako. Kati yao wawili kulikuwa na mzigo mkubwa, umefunikwa blanketi na kufungwa kwa mipira ya tairi. Tulikimbia kumpokea. Koko alitoka pole pole, akaizunguka pikipiki yote, akaangalia mbele na nyuma.

"Mabati iko wapi?"

"Itakuja, mama," mjomba akasema. "Kwanza nimeleta kitu ya kuleta watu mu nyumba."

"Watu wakikuja na mvua ikikuja, nitawafunika na nini?"

Motari alikuwa akifungua mipira bila kuinua macho. "Koko, mimi nilibeba tu," akasema. "Usiniangalie mimi."

Ndani ya blanketi kulikuwa na televisheni yenye mgongo mnene, mashine ya kijivu ya kuchezea michezo, na zile za kushika mkononi zenye vifungo, ambazo sisi tuliziita maneti. Jenereta ndogo, grupu kama tulivyozoea kusema, ilifuata safari nyingine. Mjomba alikuwa na mpango wake. Alitaka chumba cha mbele kiwe nyumba ya michezo, na watoto watoe pesa kidogo kila wanapocheza. Koko alimsikiliza mpaka mwisho. Sauti yake ilikuwa chini kabisa alipojibu.

"Mutoto ya jirani hatoi makuta mu nyumba yangu. Akitaka kutoa kitu, atoe mayi."

Na ikawa hivyo. Anayetaka kucheza alikuja na bidoni ya maji kutoka bondeni, akaimimina kwenye pipa la koko, kisha akaingia. Watoto ambao kwao mama alilazimika kuwabembeleza wachote maji, kwetu walikuwa wanakimbizana kwenye kile kilima wakimwagikiwa mabegani. Mapipa yalijaa. Koko aliazima pipa la jirani, nalo likajaa. Mimi niliyekuwa na kazi ya maji nilikaa mlangoni nikila karanga za kukaanga nikiwaangalia wanavyopanda, na ninakuambia ukweli, sijawahi tena kujisikia tajiri namna ile.

Tulikuwa na diski moja tu, ya mpira wa miguu. Ilikuwa na mikwaruzo, na ikigoma ilibidi ifutwe kwa upindo wa kitenge. Tulijaribu mashati yetu, tulijaribu taulo ya mjomba, lakini ilikubali kitenge cha koko peke yake. Kwa hiyo kila mara mmoja wetu alikwenda jikoni na diski mkononi, na koko, bila kuacha kukoroga bukari, ugali wetu, alitoa upindo akaifuta kutoka katikati kwenda nje, kama anavyofuta sahani. Maneti moja ilikuwa nzima. Nyingine kifungo chake cha kupigia shuti kilikuwa kigumu, ulikibonyeza kwa kukaza meno. Mtangazaji wa mle ndani alizungumza lugha ambayo hakuna aliyeijua. Mdogo wangu aliishika yote kwa masikio. Alikuwa akiosha vyombo huku akitangaza, na sufuria ikianguka alipandisha sauti kama kuna bao.

Chumba kilinukia vumbi la televisheni iliyopata moto, maganda ya karanga, jasho, na moshi wa grupu uliopenya dirishani. Wadogo walikaa chini, wakubwa kwenye mabenchi, na aliyefungwa alisimama akampa mwenzake maneti. Hakuna aliyelazimishwa. Ukichelewa kusimama, koko alikohoa kule mlangoni.

Yeye mwenyewe mwanzoni alisema wale watu wa kwenye kioo wanakimbia sana bila kutokwa jasho, haamini kama wamekula. Baadaye akampenda golikipa. Alisema anasimama kama marehemu mume wake alivyosimama akiwa anafundisha katekisimu, mikono wazi, tayari kukamata chochote kitakachokuja. Tulipofungwa alimpa pole golikipa, sisi hapana. Siku moja tukampa maneti. Alimchukua mchezaji mmoja, akamtembeza taratibu mpaka kona ya uwanja, akamsimamisha pale, akaturudishia maneti.

"Koko, sasa?" nikamuuliza.

"Amechoka. Anapumzika."

Mwalimu wetu alikuja siku moja kulalamika. Watoto, alisema, wanakuja shuleni hawajafanya mazoezi ya nyumbani, na wanachora viwanja vya mpira pembeni mwa madaftari. Koko alimpa kiti na sahani ya wali na sombe. Akiwa anakula, mdogo wangu akamwomba acheze kidogo tu, aone kama ni kitu kibaya. Mdogo wangu alimfunga mpaka watu wakaacha kuhesabu. Tangu hapo mwalimu alifika kila Jumapili baada ya misa, akisema anakuja kuangalia wanafunzi wake.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililotusumbua wote. Mchezo ule ulikuwa na kombe. Unachagua timu, unashinda mechi, unapanda, unapanda tena, mpaka fainali. Mashine yetu, sasa, haikuwa na ile kadi ndogo ya kuhifadhi. Ikizimwa, inasahau kila kitu, na kesho unaanza mwanzo kana kwamba hujawahi kushinda hata mechi moja. Na esansi, yaani petroli, ilikuwa ya shida Kasongo. Ilikuja kwa chupa, na grupu iliinywa kama mtu aliyetoka shambani. Tulifika robo fainali, ikazima. Tulifika nusu fainali, ikazima. Siku moja tuliingia fainali yenyewe, tukaona wachezaji wanatoka kwenye mlango wa uwanja wamejipanga mistari, na kioo kikawa cheusi. Mdogo wangu alilia kama amefiwa.

Tukabaki kubishana njiani kwenda shule na njiani kurudi: baada ya fainali kuna nini? Mmoja alisema kombe linatoka nje kupitia kule diski inakoingilia. Mwingine alisema mashine inakuambia jina lako. Tukamuuliza mwalimu. Alifikiri, akasema kwa upole, "Inawezekana hawakuweka mwisho. Labda walijua watu wengi hawatafika." Jibu lile lilituumiza zaidi ya grupu kuzima.

Kiangazi kikaelekea kwisha. Upepo wa mvua ulianza kuinua vumbi uani, na koko akaanza kuangalia paa lake. Mjomba aliona anavyoangalia. Jioni moja akatuambia amepata mfanyabiashara Kabambare atakayechukua mashine, televisheni na grupu, ampe mabati. Jumatatu alfajiri yeye na motari wataondoka.

Hakuna aliyelalamika, maana sufuria za sakafuni tulizijua wote. Mdogo wangu tu ndiye aliyemshika mkono. "Muyomba, tutaona mwisho?"

Mjomba akasema Jumapili ni yetu. Chupa yote ya esansi iliyobaki ataiweka kwenye grupu, na tutacheza kombe zima, tangu mwanzo, bila kupumzika.

Jumapili ile misa ilikuwa ndefu kuliko misa zote. Tulitoka kanisani mbio. Tuliporudi, benchi zilikuwa zimejaa, na waliokosa nafasi walisimama dirishani na mlangoni. Koko alikuwa amekaanga mikate na kuijaza kwenye beseni. Motari naye alikuwepo. Huyu siku zote alisema hana muda wa mambo ya watoto, halafu ukigeuka unamwona dirishani. Pikipiki yake aliisimamisha uani, tangi limejaa kwa ajili ya safari ya kesho.

Tulichagua timu ya jezi za kijani, na kila mechi ilichezwa na mtoto mwingine ili wote washike. Mechi ya kwanza tulishinda. Ya pili tulishinda kwa shida. Nusu fainali ilichezwa na mdogo wangu, akashinda huku akijitangaza mwenyewe, na watu wakapiga benchi kwa viganja. Fainali wakanipa mimi. Jezi nyeupe upande wa pili. Mikono yangu ilikuwa na mafuta ya mkate, nikaifuta kwenye sketi, nikaifuta tena.

Sikufunga, hawakufunga. Dakika zikaisha, wakaongeza nyingine, nazo zikaisha. Kwenye kioo wachezaji wakakusanyika katikati: penalti. Hapo ndipo grupu ikakohoa.

Unakijua kikohozi kile. Taa ya televisheni ikapungua, ikarudi. Chumba kizima kiligeuza shingo kuelekea dirishani. Mjomba akakimbia nje, akaifunika ile grupu kwa mikono kama mtu anayembembeleza mgonjwa, akaiinamisha upande mmoja ili matone ya mwisho yasogee. "Iko mwisho," akasema.

Motari alikuwa na kipande cha mkate mdomoni. Alimtazama koko, koko akamtazama. Koko hakumwomba, ninataka ulijue hilo. Alimwangalia tu. Motari akameza, akavuta mpira mwembamba kutoka chini ya kiti cha pikipiki, akaufungua mfuniko wa tangi, akanyonya, akatema, na esansi ya safari ikaanza kushuka ndani ya chupa.

"Na Kabambare?" mjomba akamuuliza.

"Kabambare haikimbii."

Grupu haikuweza kuzimwa, na kuijaza ikiwa inawaka ni hatari. Koko alishuka ngazi ya mlangoni, akawaondoa wadogo wote dirishani, akawapeleka upande wa pili wa nyumba, akamwambia mwalimu ashike beseni la mchanga na asicheze nalo. Mwalimu akasimama kama askari. Mjomba alishika faneli, motari akamimina uzi mwembamba wa esansi, pole pole, uso wake ukiwa mbali kabisa na mikono yake. Mimi ndani nilikuwa nimeshika maneti, sithubutu kubonyeza kitu. Grupu ikakohoa tena, ikavuta pumzi, ikaimba. Koko akasema, "Sasa cheza, mutoto."

Penalti zilikwenda, wao na sisi, wao na sisi. Golikipa wa koko aliokoa moja, koko akampongeza. Wakaja wakaokoa ya kwetu. Ya mwisho ilikuwa yangu. Nilibonyeza, mchezaji akakimbia, mpira ukaenda, ukagonga mwamba.

Tulikuwa tumeshindwa. Ninakumbuka joto la maneti kwenye viganja vyangu. Halafu wale wa jezi nyeupe wakaanza kukimbia, wakarukiana, wakapanda mahali pa juu, na mmoja akanyanyua kombe kubwa lenye masikio mawili, na vipande vya karatasi vya rangi vikaanza kuanguka juu yao kutoka mbinguni. Mdogo wangu ndiye aliyesimama kwanza.

"Iko," akasema. "Mwisho iko."

Nyumba ikapasuka kwa kelele. Watu walikumbatiana kama sisi ndio tuliopewa kombe. Mwalimu alikuwa bado ameshika beseni, mchanga ukimwagika kwenye viatu vyake vya kanisani, akicheka peke yake. Mimi nilikuwa sijui nilie au nicheke, koko akaniwekea mkono kichwani akiwaangalia wale wa jezi nyeupe. "Wale pia wametoka mbali," akasema. Nikacheka.

Kisha kioo kikawa cheusi, tukadhani ndiyo hivyo. Lakini muziki mwingine ukaanza, wa taratibu, na majina yakaanza kupanda kutoka chini, jina baada ya jina. Koko akajifunika kitenge kichwani.

"Tulieni. Wanasoma majina ya wafu."

Mwalimu akainama karibu naye. "Hapana, koko. Hao ni watu waliotengeneza muchezo."

"Wote hawa?"

"Wote."

"Wako wazima?"

"Ninafikiri wako wazima."

Koko akafikiri kidogo. Hakukivua kitenge. "Basi hata wazima watajwe. Kaeni, tuwaache wapite wote."

Tukakaa. Mwalimu akaanza kuyasoma kwa sauti, majina ya watu wa nchi ambazo hatukuzijua, mengine akijikwaa, mengine akiyaruka na kuyarudia, na kwa kila moja koko alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayepokea salamu. Motari alikuwa mlangoni, mpira wake mkononi, ananuka esansi. Watoto wadogo walikuwa wamerudi wamekaa chini kimya, midomo ikimeremeta mafuta. Majina yalipokwisha kabisa, mjomba alikwenda nje akaizima grupu. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kuona ikizimwa na mtu.

Safari ya Jumatatu haikufanyika, bila shaka. Motari alizunguka soko akitafuta chupa za esansi, na siku alizokuwa akizitafuta mjomba alipanda juu akaziba paa kwa nyasi mpya. Halafu wakaondoka na mzigo ndani ya blanketi lile lile, na mabati yakaja kabla mvua hazijakolea. Koko alilala pakavu miaka mingi. Sasa amepumzika, na nyumba ile imebomolewa, wamejenga nyingine ya matofali ya kuchoma mahali pake, nzuri zaidi. Mjomba bado yuko Salamabila. Mwalimu alihamishwa, sikusikia tena habari zake. Waliokuwa wamekaa kwenye zile benchi wengine wako Kindu, wengine migodini, wengine hawapo duniani.

Nimeshinda mambo kadhaa tangu wakati ule, namshukuru Mungu, na watu walinipigia makofi. Lakini sijakaa tena katika chumba ambamo watu wengi hivyo wameshindwa pamoja, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kwenda nyumbani.